Nani Atayasoma Majengo Yetu?

(Mada iliyotolewa katika semina ya vijana kabla ya mwezi mtukufu)



Kila sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu vijana, dada zangu, na nyinyi wazazi mlioketi pale nyuma: Ramadhani ikikaribia kuna picha moja utaiona kila mahali. Iko kwenye kalenda za misikiti, kwenye kadi za Idd, hata kwenye pakiti za tende. Ni lile jengo la Baytul Maqdis lenye kuba la dhahabu. Muulize mtoto wa madrasa ni nini hili, atakujibu bila kusita: "Masjidul Aqsa." Nawe mzazi utampa peremende. Lakini hilo ni Qubbat as-Sakhra, Kuba la Mwamba. Liko ndani ya eneo tukufu la Al-Aqsa, ni kweli, lakini ule ukumbi mkubwa wa kusalia uko kusini yake, na kuba lake ni la rangi ya risasi, si dhahabu.

Nimeanza hapo makusudi. Waliotangulia kuzungumza leo wamewaeleza juu ya udaktari, uhasibu na kompyuta. Ni kazi nzuri, Mwenyezi Mungu awafungulie. Mimi nataka kuwaeleza kazi ambayo sijawahi kusikia mzazi akimuombea mwanawe dua aipate: kazi ya kusoma sanaa na majengo ya Kiislamu ya zama za kati. Simaanishi kuyajenga. Namaanisha kuyasoma, kama unavyosoma kitabu, ukajua nani aliyajenga, lini, kwa nini, na mkono wa nani uliyageuza baadaye.

Mtasema, jengo lasomwa vipi? Turudi pale pale kwenye Kuba la Mwamba. Ndani yake kuna matao yaliyozunguka kwa pembe nane, na juu ya matao hayo umepita utepe wa maandishi ya Kikufi, upande wa ndani na upande wa nje, urefu wake ukiunganisha ni kama mita 240. Ni vipande vidogo vidogo vya kioo vilivyopangwa kimoja kimoja, herufi za dhahabu juu ya buluu iliyoelekea kijani. Katika utepe huo kuna jina la aliyejenga na mwaka wa kujenga. Jina ni la Khalifa al-Ma'mun wa Bani Abbas. Mwaka ni 72 Hijria, yaani 691 au 692 Miladi.

Sasa nyinyi mnaopenda hesabu, pigeni. Al-Ma'mun alitawala kuanzia mwaka 198 hadi 218 Hijria. Mwaka 72 hata baba wa babu yake, al-Mansur, alikuwa bado hajazaliwa! Basi yawezekanaje? Jibu ni kwamba aliyejenga ni Abdul-Malik bin Marwan wa Bani Umayya. Zaidi ya miaka mia moja baadaye fundi wa al-Ma'mun akaling'oa jina la Abdul-Malik akatia la bwana wake. Nafasi haikumtosha, akazibana herufi. Rangi nayo haikulingana sawasawa. Na tarehe akaiacha vile vile ilivyokuwa! Kwa ile tarehe peke yake, watafiti wa karne ya 19 walimkamata.

Hiyo ndiyo kazi ninayowaambia. Yafanana na upelelezi, ila shahidi wako ni ukuta.

Sasa niwaeleze juu ya watu wawili walioifanya kazi hii maisha yao yote. Wote wawili hawakuwa Waislamu, na nitarudi kwenye jambo hilo.

Wa kwanza ni Mwingereza, K.A.C. Creswell, aliyezaliwa London mwaka 1879. Hakusomea majengo. Alisomea mambo ya umeme, akafanya kazi za ofisini, benki pia akapitia. Mapenzi yake ya majengo ya Kiislamu aliyalisha usiku, kwa kununua vitabu na kusoma mwenyewe. Vita vya Kwanza vya Dunia vikamleta Misri mwaka 1916 akiwa katika jeshi la anga. Vita vilipokwisha akapewa kazi ya kukagua majengo ya kale ya Sham na Palestina. Mwaka 1920 akampelekea Fuad, mtawala wa Misri, pendekezo la kuandika historia kamili ya majengo ya Kiislamu ya Misri. Fuad akakubali kumsaidia. Creswell akakaa Cairo, na ukiondoa safari zake za utafiti, hakuhama mpaka mwaka 1973, mzee wa miaka zaidi ya tisini. Akafariki mwaka uliofuata.

Alifanya nini miaka hamsini yote hiyo? Alipima. Alichukua utepe wake na kamera yake nzito ya vioo, akaenda msikiti kwa msikiti, lango kwa lango, akapima unene wa ukuta, upana wa tao, kimo cha mnara. Alipiga maelfu ya picha. Kitabu chake kikubwa juu ya majengo ya mwanzo ya Kiislamu kilitoka kwa juzuu mbili, mwaka 1932 na mwaka 1940, ni vitabu vya kubebwa na watu wawili. Mtu huyu asiye na shahada ya fani hiyo akawa profesa katika chuo kikuu cha serikali kule Cairo. Wakati wa vita vya Suez mwaka 1956, Waingereza wakitimuliwa Misri, maktaba yake ilihifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Kimarekani cha Cairo, na mpaka leo iko mikononi mwa chuo hicho.

Wa pili ni Oleg Grabar, aliyezaliwa Strasbourg, Ufaransa, mwaka 1929. Huyu alizaliwa ndani ya elimu, baba yake alikuwa mtaalamu mashuhuri wa sanaa ya Bizanti. Akaenda Marekani, akapata udaktari wake Princeton mwaka 1955, akafundisha Michigan, kisha Harvard kuanzia mwaka 1969 mpaka 1990. Creswell alikuwa mtu wa utepe. Grabar alikuwa mtu wa maswali. Hakutosheka kujua ukuta ni mita ngapi. Alitaka kujua kwa nini mtu aliusimamisha, na yule aliyepita mbele yake alielewa nini.

Tazameni tofauti yao kwenye Kuba la Mwamba. Kuna habari iliyoandikwa na al-Ya'qubi, mwanahistoria wa karne ya tatu Hijria, kwamba Abdul-Malik alijenga kuba lile ili watu wa Sham wasiende Hijja Makka, kwa kuwa Makka wakati huo ilikuwa mkononi mwa Abdullah bin Zubayr. Wataalamu wengi wa Ulaya waliishika habari hiyo, na Creswell naye akaikubali. Fikirini uzito wake, ndugu zangu: kwamba moja katika majengo matukufu tuliyonayo lilisimamishwa kuigeuza nguzo ya tano ya dini. Mtaalamu mmoja, S.D. Goitein, alikuwa ameshaipinga mwaka 1950. Kisha mwaka 1959 Grabar akaandika makala yake, na alichofanya ni kitu ambacho mwanafunzi wa madrasa angeweza kukifanya. Alisema, tusome basi yale maandishi yenyewe.

Na maandishi yanasema nini? Ni aya za tauhidi, kwamba Mungu ni mmoja, hana mshirika. Ni aya za Suratun Nisaa na Surat Maryam zinazomtaja Nabii Isa (A.S.), kuwa ni mtume wa Mwenyezi Mungu wala si mwana wa Mungu. Hakuna neno la kuhamisha Hijja. Jengo lilisimama katikati ya mji uliojaa Wakristo na makanisa yao makubwa, na kuba la kanisa lao kuu lilikaribiana kabisa kwa upana na kuba hili, yote mawili kiasi cha mita 20. Kwenye kuta kumechorwa mataji na vito vya wafalme, ambavyo Grabar aliviona kuwa ni vya wafalme wa Kirumi na wa Kifursi walioshindwa. Jengo lile, akasema, lilikuwa likizungumza na Ahlul Kitab. Wanazuoni wa fani hii wanaendelea kuhojiana mpaka leo, wala sisemi Grabar alifunga mjadala. Lakini tangu hapo hakuna awezaye kuandika juu ya Kuba la Mwamba akapuuza maandishi yake.

Sasa lile jambo nililosema nitarudi.

Creswell, pamoja na juhudi zake zote, aliandika kwamba Bara Arabu wakati wa kudhihiri Uislamu ilikuwa tupu upande wa majengo, karibu hakuna kitu. Na kuhusu msikiti wa Mtume (S.A.W.) wa Madina, alimfuata mtaalamu wa Kitaliani, Caetani, aliyedai kwamba Mtume alijenga nyumba yake tu, na msikiti ukatokea baadaye. Maneno haya yakaingia vitabuni, yakafundishwa vyuoni, watoto wetu walioenda kusoma Ulaya wakayakuta huko. Hasira haikuyajibu, wala makongamano. Yalijibiwa na waliofanya kazi ile ile kwa umakini zaidi. Mwaka 1972 Chuo Kikuu cha Mfalme Saud kikaanza kuchimba Qaryat al-Faw, kusini mwa Saudia, chini ya Profesa Abdulrahman al-Ansary. Zikatokea nyumba, soko, makaburi, na picha za rangi ukutani, za kabla ya Uislamu. Iko wapi tena ile Bara Arabu tupu? Na mwaka 1999 Jeremy Johns wa Oxford akazipitia upya hoja za ile nadharia ya nyumba, akaonyesha jinsi zilivyokuwa dhaifu.

Mmeona basi? Mwenye utepe ndiye aliyesema. Wengine wakanyamaza mpaka walipopata utepe wao.

Kuna ndugu atauliza, nami najua atauliza kwa sababu ameniuliza hata kabla sijapanda jukwaani: Je, si kuna makatazo juu ya kuipamba misikiti kupita kiasi? Ndiyo, wanavyuoni wamelizungumza, waulizeni masheikh wenu. Lakini kuisoma nakshi si kuiamrisha. Daktari anayesoma ugonjwa hauombi uje.

Na msidhani hii ni elimu ya makavazi peke yake. Mwaka 1969, tarehe 21 Agosti, mtu mmoja alitia moto ndani ya Al-Aqsa, ikaungua mimbari iliyotengenezwa Halab kwa amri ya Nuruddin Zangi na kuletwa na Salahuddin baada ya kuikomboa Quds mwaka 1187. Ilikuwa kazi ya maelfu ya vipande vya mbao vilivyoshikana vyenyewe. Ulimwengu wa Kiislamu ulilia, lakini wa kuirudisha alikuwa nani? Ilibidi watu wakae na picha za zamani na mabaki yaliyonusurika, wazifumbue zile nyota na pembe moja moja, wajue fundi wa miaka mia nane nyuma alianzia wapi na dira yake. Kazi hiyo ilifanyika Jordan, kwa mafundi waliotoka nchi kadhaa, na mimbari mpya ikawekwa mahali pake mwaka 2007. Miaka thelathini na minane! Pasingekuwa na picha, isingerudi kabisa.

Huko Syria nako, kwenye jangwa la Qasr al-Hayr al-Sharqi, Grabar alichimba kati ya miaka ya 1960 na 1970. Mwanzoni mwa karne ya 19 msafiri mmoja aliona pale jiwe lenye maandishi ya Khalifa Hisham bin Abdul-Malik, ya mwaka 110 Hijria, yakisema mji ulijengwa na watu wa Hims. Akayanakili. Jiwe limepotea. Tunachojua leo juu ya mwanzo wa mji ule kimetegemea sana dakika chache za mtu mwenye kalamu. Na mnara wa Msikiti wa Bani Umayya wa Halab, uliojengwa miaka ya 1090, ulianguka vitani mwezi wa Aprili 2013. Anayetaka kuujua ulivyokuwa sasa hana budi kurudi kwa waliopima na kupiga picha.

Nije nyumbani, maana naona kina mama wameanza kutazama saa.

Pale Kizimkazi, Unguja, kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladi, herufi zake zimechipuza majani na maua. Aliyeyachambua akayachapisha mwaka 1922 ni mtaalamu wa maandishi hayo kutoka Ulaya, Samuel Flury. Gede, hapa kwetu karibu na Malindi, James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, akakuta msikiti mkuu na kaburi lenye tarehe ya 802 Hijria, sawa na 1399. Mwaka 2024 Gede ikaingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO. Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980, na chini ya magofu ya msikiti wa Ijumaa akakuta msikiti mwingine, na chini yake mwingine, mpaka akafika kwenye ule wa miti, wa mwishoni mwa karne ya nane. Wazee wetu walikuwa wakisujudu hapo miaka mia na hamsini hivi tu baada ya Mtume! Nani aliyetuonyesha? Tunawashukuru. Lakini waliopita na ndoo za maji kwa wachimbaji walikuwa watoto wetu, na vitabu vikaandikwa kwa majina mengine. Alhamdulillahi, leo wako Wakenya waliosomea ukale, baadhi yao watoto wa pwani hii hii. Ni wachache mno.

Na huku sisi wenyewe twabomoa. Nimeona kwa macho yangu, katika mji mmoja ambao sitautaja, mihrabu ya matumbawe iliyochongwa kwa mkono, ile wazee huiita kibla, ikivunjwa kwa nyundo wiki mbili kabla ya Ramadhani ili vigae vipya vibandikwe. Nia ya kamati ilikuwa njema. Waliotoa pesa walitaka msikiti ung'are. Hakuna hata mmoja aliyepiga picha kwanza, na simu zilikuwa mifukoni mwa kila mtu.

Wazazi, najua hofu yenu. "Nimlipie karo miaka yote hiyo, mwisho aniletee habari za magofu?" Sitawadanganya kwamba ni kazi ya utajiri. Njia yake ni ndefu: shahada ya kwanza, ya pili, kisha udaktari, yaani miaka kumi au zaidi. Lakini kazi zipo, katika vyuo vikuu, makavazi, idara za ukale, kwa wasanifu wanaokarabati miji ya kale, na katika mashirika ya urithi. Harvard na chuo cha MIT wana mpango wa masomo haya uliofadhiliwa na Aga Khan tangu mwaka 1979, na Grabar ndiye aliyekuwa profesa wa kwanza wa kiti hicho pale Harvard. Aliyekipokea mwaka 1993 ni mwanafunzi wake wa zamani, mwanamke kutoka Uturuki, Gülru Necipoğlu, bingwa wa kazi za Sinan, yule msanifu mkuu wa Masultani wa Kiothmania. Dada zangu, hilo nimelisema kwa ajili yenu. Hata kwenye kitabu cha Creswell, sehemu ya zile picha za vioo vya rangi za Kuba la Mwamba iliandikwa na mwanamke, Marguerite van Berchem.

Wewe kijana uliye shule ya upili, shika Historia, usiitupe. Chora, hata kama huna kipawa, maana mkono unaochora hufundisha jicho kuona. Na Kiarabu! Hapa ndipo mlipo na mtaji ambao hamuujui. Mwanafunzi wa Ulaya huanza alifu na be akiwa na miaka ishirini. Wewe ulianza na miaka mitano, kwa fimbo ya ustadh. Kilichobaki ni kukiendeleza Kiarabu chako kutoka kusoma kwa kughani hadi kusoma kwa kuelewa, kisha uongeze Kifaransa au Kijerumani, kwa sababu mengi yaliandikwa kwa lugha hizo. Kama una intaneti, fungua Archnet, hazina ya bure ya picha na ramani za majengo ya Kiislamu. Jarida la Muqarnas, alilolianzisha Grabar mwaka 1983, matoleo yake mengi ya zamani yako humo.

Na mwezi huu, kabla ya kamati yenu kuanza ukarabati wa Ramadhani, nendeni watatu na utepe wa fundi cherehani na daftari. Mmoja ashike huku, mmoja huku, wa tatu aandike. Pimeni mihrabu, upana, kimo, kina. Pimeni milango na nguzo. Pigeni picha kila upande, na kama kuna maandishi yapigeni picha kwa karibu, herufi kwa herufi, mwanga ukitokea ubavuni ili yaonekane. Muulizeni mzee aliye mkubwa kuliko wote pale safu ya mbele nani alijenga, na chokaa ilichomwa wapi. Andikeni jina lake na tarehe, ya Hijria na ya Miladi. Nakala moja ibaki msikitini, nyingine ipelekwe makavazi ya Fort Jesus au ya Lamu, yoyote iliyo karibu nanyi.

Nimeleta tepe sita, ziko pale mezani kwa katibu. Maswali nitayapokea baada ya Alasiri, inshaAllah.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.